Uliza Anti Safari: Boti, matope na bei ya mgeni kule Xochimilco

Mwezi uliopita niliandika mstari mmoja tu hapa, ati nilipanda boti Mexico City nikapitishwa kwa mifereji ya kale, na kusema ukweli nilikuwa najaza nafasi. Barua mlizotuma sasa! Wengine bei, wengine viza, mmoja ananiuliza kama sikupotea njia maana Meksiko anayoijua yeye ni ya jangwa na kofia kubwa. Halafu kuna huyu wa Pipeline ameandika "Anti, mfereji ndio huu wa jikoni?" Hapana mpenzi, na huo wa jikoni najua umekauka tangu Jumatatu. Nazungumzia mfereji mpana, boti mbili zinapishana na ya tatu iko hapo katikati inauza mahindi. Basi leo safu yote iende huko tumalizane. Mahali penyewe panaitwa Xochimilco, msome Sochimilko, hiyo X mbele isiwasumbue.

"Anti shikamoo. Sisi ni wamama saba wa chama hapa Umoja, tumeweka pesa miaka minne na badala ya kununua ploti ingine tukasema mwaka huu tutembee. Mmoja wetu ana kijana anafanya kazi Mexico City, ndiye atatupokea, na anasema lazima tupande boti Xochimilco. Lakini kuna mwenzetu kwa grupu ameona video akasema hapo ni pa ulevi na kelele, sio pa wamama wa kanisa. Twende ama tuwache? Na watatupiga bei?" Mweka Hazina, Umoja

Marahaba Mweka Hazina, na hongera kwa kuikataa hiyo ploti.

Nendeni. Ila mjue Xochimilco ziko mbili kwa jina moja, na huyo mwenzenu hajadanganya, ameona moja tu. Hiyo moja ni ya wikendi mchana, gati la Nativitas. Hapo boti zimebanana hadi unaweza kuvuka mfereji kwa miguu bila kulowesha kiatu, kila boti na spika yake, huku watu wanaimbia mtu wa bathidei, kule vijana wa chuo wanamwagiana bia yenye ndimu na pilipili, na mariachi, wale wanamuziki wa Meksiko, na suti zao za vifungo vya fedha wanaruka kutoka boti hadi boti wamekumbatia lile gita lenye tumbo kama la mtu wa nyama choma. Chukua nganya zote za Rongai, zile matatu za mapambo, na michoro yao na mziki wao, ziangushe majini. Ndio hiyo. Na sitaki kuwa mnafiki, nilicheza, lakini saa moja ilinitosha.

Xochimilco ya pili ni ya asubuhi, siku ya kazi. Mimi nilienda mwezi wa pili, saa moja na kitu tuko majini, baridi inauma kama ya Limuru maana huo mji uko mita 2,240 juu ya bahari, sisi hapa Nairobi tuko chini yao na bado tunajiita watu wa milimani. Ukungu umelala juu ya maji. Yangeyange wamesimama kando wanangoja kiamsha kinywa, mwari weupe wanapita juu, na kwa mbali, kabla joto halijapanda na moshi wa mji haujafunika kila kitu, ukaona ile milima miwili ya volkano, Popocatépetl na mwenzake Iztaccíhuatl, barafu juu, vile siku moja moja Mlima Kenya unajitokeza ukiwa juu ya Thika Road na hakuna mtu kwa gari anaamini. Kelele ilikuwa moja tu, ya mti kugusa matope.

Huo mti lazima niuseme. Boti zinaitwa trajinera, na neno lenyewe linatokana na kubeba mizigo, kwa sababu zamani ndizo zilikuwa zinapeleka mboga na maua sokoni katikati ya mji. Chini ni bapa, hazina injini, katikati kuna meza ndefu na viti pande zote kama mko kwa harusi. Kijana anasimama mwisho wa boti na mti mrefu kumshinda mara mbili, anauchoma hadi chini, anausukuma, anautoa, anauchoma tena. Nyinyi mliozaliwa Pwani mnajua hiyo ni pondo. Nilimpigia mzee mmoja wa Lamu nikamwambia huku nako wanapiga pondo, akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Mti gani huo?" Hakutaka kujua kitu kingine chochote kuhusu Meksiko.

Sasa bei. Hapa nitajianika ili nyinyi mpone. Mimi niliyelelewa Nairobi, niliyekwepa makanga wa Machakos Country Bus tangu nikiwa na umri wa kubebwa, nilishuka kwa treni pale Xochimilco nikakutana na jamaa ana kibeji shingoni, shati limenyooshwa, anasema "ofisial, ofisial". Akanitembeza. Tukapita gati moja, tukapita la pili, la tatu akasema ndilo zuri, na bei akanipigia kwa kichwa, kila mtu na yake. Nikalipa. Nikirudi ndio naona kibao kikubwa hapo langoni, bei imeandikwa na serikali ya mtaa, na kumbe inahesabiwa kwa boti na kwa saa, sio kwa kichwa. Nilikuwa nimelipa karibu mara tatu. Kibao chenyewe nilipita nacho nikiingia, ni vile nilikuwa napiga picha za maua.

Kwa hivyo Mweka Hazina, hii ni kama kukodi matatu nzima, hulipii kiti. Trajinera moja ya kawaida inabeba watu hadi kumi na nane hivi, nyinyi saba na huyo kijana mnaingia na vyungu vyenu na bado kuna pa kunyoosha miguu, na mtalipa sawa na mtu mmoja angelipa peke yake. Piga picha ya kibao kwanza. Halafu kabla mtu yeyote hajakalia kiti mkubaliane mtakaa masaa mangapi majini na mnaelekea wapi, saa moja hamtafika popote, ni kuzunguka tu hapo kwa kelele, saa mbili ndio mwanzo na tatu au nne ndio mnafika kwa mashamba. Kama mnaenda na gari, kuna watu barabarani wanapunga mkono kama maafisa, wengine kwa baiskeli wanawakimbilia, msisimame. Na kama mnataka hiyo ya asubuhi, gati la Cuemanco ni afadhali kuliko Nativitas, liko upande wa hifadhi, na kijana wenu apige simu siku mbili mapema maana saa hizo boti nyingi bado zimelala.

Mariachi wanalipwa kwa wimbo. Narudia, kwa wimbo. Wakishaingia kwa boti yenu wakaanza ni vigumu kuwatoa, na nyinyi wamama mkishaanza kuinuka na leso najua itakuwa nyimbo sita. Ulizeni kwanza, chagueni nyimbo mbili, lipeni. Peso moja inacheza kati ya shilingi sita na saba na kitu, fanyeni hesabu hapo hapo. Vyakula vinakuja vyenyewe kwa mitumbwi midogo, mahindi ya kuchemsha yamepakwa mayonesi na jibini na pilipili (usikunje uso, onja), kuna na tlacoyo, hizo ni za unga wa mahindi zimejazwa maharagwe zikakaangwa kwa bamba la moto, mtu wa Umoja hawezi kukosa cha kula hapo. Vya kwenu pia mnaweza kubeba, hakuna atakayewauliza.

Kufika bila gari ni rahisi: metro laini ya 2 hadi mwisho, Tasqueña, halafu treni ndogo inaitwa Tren Ligero hadi mwisho tena. Metro ni peso 5 na hiyo ndogo ni 3, pesa ambayo hapa kwetu haikutoi Umoja hadi Donholm. Njiani mtapita stesheni ya uwanja wa Azteca, ule wa fainali za Kombe la Dunia 1970 na 1986, hapo ndipo Maradona aliwafunga Waingereza kwa mkono. Sio lazima mshuke ila kama kuna mzee wa nyumba amewasindikiza mtampoteza hapo.

Na miezi ni kati ya Novemba na Aprili. Kuanzia kama Mei hadi Oktoba mvua inawangoja kila jioni, na paa la trajinera ni la kivuli tu.

"Sasa Anti. Mimi ni mkulima wa viazi na spinachi hapa Limuru. Nimesoma ati huko kuna mashamba yanaelea juu ya maji. Yanaelea kweli? Na yakielea mwenye shamba anajuaje lake halijaenda kwa jirani?" Mkulima, Tigoni

Nimecheka hadi mtoto akaja kuniangalia. Hapana, hayaelei, na hiyo hadithi imezunguka dunia miaka mingi. Yanaitwa chinampa, na yameshika chini kabisa.

Ni hivi. Hapo palikuwa ziwa, tena maziwa kadhaa yameungana, na maji hayakuwa na kina kirefu. Watu walichimbia miti majini wakazungushia kama ua, halafu wakajaza ndani, safu ya nyasi na magugu ya majini, safu ya matope ya chini ya ziwa, nyasi, matope, hadi ikatokea juu ya maji, kitu chembamba kirefu kama kitanda cha miche. Pembeni wakapanda mti fulani mwembamba unaosimama wima, ahuejote, ni wa jamii ya mierebi, mizizi yake ndiyo inashika kingo zisibomoke, na kwa vile hautandazi matawi shamba halikosi jua. Mifereji ni ile nafasi iliyobaki kati ya shamba na shamba. Kwa hivyo hakuna mtu alichimba mfereji hapo, walitengeneza ardhi, mfereji ndio ukabaki. Maji yanaingia yenyewe kwa udongo kutoka pembeni, mizizi inakunywa, huna haja ya kumwagilia kama wewe na hiyo pampu yako.

Mashamba kama hayo ndiyo yalilisha Tenochtitlan, mji wa Waazteki ulioanzishwa katikati ya ziwa mwaka 1325, mahali ambapo leo ni katikati ya Mexico City. Wahispania wakaingia 1519, mji ukaanguka 1521, na baada ya hapo kazi ikawa ni kukausha ziwa, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu ya mafuriko. Xochimilco ni mojawapo ya vipande vilivyobaki, mifereji kama kilomita 170 hivi, na mwaka 1987 UNESCO ikaiweka kwa urithi wa dunia pamoja na mji mkongwe wa katikati. Jina lenyewe kwa lugha yao ya Nahuatl ni mahali pa mashamba ya maua, na bado wanapanda, yale ya manjano ya sikukuu ya wafu na yale mekundu ya Krismasi. Watu wa Naivasha mnisikie.

Lakini wewe ni mkulima, wacha nikuonyeshe kitu nilichokitazama hadi nikasahau chai yangu imepoa. Tuliteremka kwa shamba la mzee mmoja. Ana mti mrefu mwishoni umefungwa kifuko, anauzamisha kando ya mtumbwi, anachota matope meusi kutoka chini ya mfereji, yananuka ile harufu ya bwawa, anayamwaga juu ya kitalu anayasawazisha kwa ubao, unene wa kama vidole vinne. Anayaacha. Yakishakauka kidogo, sio sana, ile hali ya ugali uliopoa, anakuja na kisu anayakata mistari kwenda na mistari kurudi, vipande vya mraba vidogo kama mtu anakata kashata. Halafu kwa kidole anatoboa kila kipande katikati, mbegu moja, anafunika na samadi kavu aliyoisugua mikononi ikawa unga. Basi. Baada ya siku kadhaa mche umetoka, kila mmoja kwa kashata yake, na akitaka kuhamisha anainua kipande kizima na udongo wake, mzizi haujui hata umehama. Hakuna trei ya plastiki. Kila kipande wanakiita chapín. Nilimuuliza ni vingapi kwa kitalu kimoja akasema hajawahi kuhesabu, yeye anahesabu saladi zikishakatwa.

Shida yao utaijua bila kuambiwa. Vijana hawataki matope. Chinampa nyingi zimeachwa, zingine zimegeuzwa viwanja vya mpira, kabisa, na magoli na kila kitu, unasukumwa kwa boti kupita kando ya watu wanacheza. Na maji. Palikuwa na chemchemi hapo, lakini mwanzoni mwa karne iliyopita zikaanza kuvutwa kwa mabomba kupelekwa mjini, na mifereji ikabaki inajazwa na maji taka yaliyosafishwa. Watu wa Murang'a wanaotazama maji ya Ndakaini yakiteremka Nairobi wataelewa hii aya kuliko mimi.

"Mimi sijui kuogelea na maji naogopa hata ya beseni. Bibi yangu ameshakata tiketi. Nisaidie." Mwoga, Kayole

Ndugu yangu, huo mti wa kusukumia unagusa chini muda wote, kwa hivyo unajua kina si cha bahari. Boti ni pana, haiyumbi, nimeona bibi wa miaka themanini anakunywa supu hapo na hakumwaga. Ila matope ya chini ni mazito na hayana mchezo. Mwaka 2019 kijana mmoja akiwa na wenzake alianguka akazama, na baada ya hapo serikali ya mtaa ikaweka masharti kuhusu pombe kwa boti. Shida yao na yetu ni moja, ni kudandia, mtu amelewa anaruka boti hadi boti kama anashuka matatu ikitembea. Omba jaketi la kuelea kabla hamjaondoka, livae bila aibu, kaa katikati karibu na meza, na usimame picha ikipigwa tu. Bibi pia usimwambie nimekuambia hivi.

"Anti, kijana wangu wa miaka tisa anacheza gemu iko na kamnyama kanaitwa axolotl. Sai hataki kwenda Mombasa, anataka kwenda kuona axolotl. Yuko huko kweli ama ni mambo ya gemu?" Mama Boy, South B

Yuko, na hapo Xochimilco ndipo kwao. Duniani kote hana pengine pa porini isipokuwa hiyo mifereji. Wao husema aholote. Mwambie boy ni kama kiluwiluwi aliyekataa kukua, jamaa zake wa salamanda, wale wanaofanana na mijusi, wakifika umri wanatoka majini wanatembea nchi kavu, yeye anabaki humo humo hadi uzee, mashavu ya kupumulia yametokea nje kama manyoya, mdomo umekaa kama anatabasamu. Akikatwa mguu unaota tena, mfupa na kila kitu, ndio maana wanasayansi wamemfuga kwa maabara dunia nzima. Kwa hivyo waliofugwa ni wengi mno, na wa porini karibu wameisha. Waliohesabu walipata kama 6,000 kwa kilomita moja ya mraba mwaka 1998, na 2014 wakapata 36.

Waliomla ni akina nani? Hapa nilijikunyata kwa kiti. Maji machafu, ndio, lakini pia tilapia. Tilapia wetu huyu, Mwafrika, yule unamla na ugali na sukuma. Yeye na samaki mwingine kutoka Asia waliwekwa kwa mifereji miaka ya nyuma ili watu wapate kitoweo, wakazaana, wakala mayai ya aholote na vitoto vyake. Na pale pale nikaona gugumaji limefunga mfereji mdogo hadi kijana wa pondo akabidi arudi nyuma, lile lile la Kisumu, maua ya zambarau na uongo wake wa kupendeza. Nilitoka Nairobi masaa yote hayo kwenda kuwakuta wageni ninaowajua.

Wa porini hamtamwona, msidanganywe, na akiwepo ni mweusi mweusi kwa matope, wale wa waridi wa kwa gemu ni wa kufugwa. Lakini kuna wakulima wanaowaweka kwa matangi hapo chinampa, na chuo kikuu cha UNAM kinashirikiana na wakulima kufunga mifereji midogo kwa vichujio ili tilapia wasiingie na aholote wapate pa kuzalia. Chagua safari inayopita hapo, boy atafurahi na pesa yako itaenda kwa mtu anayefanya kazi. Tena mletee noti ya peso 50, ile iliyotoka 2021, axolotl yuko hapo mgongoni na chinampa nyuma yake. Watu wameipenda hadi wanaificha hawataki kuitumia. Mimi ninayo moja kwa Biblia.

"Ni kweli kuna kisiwa cha wanasesere wa kutisha?" Bila jina, Kasarani

Kweli. Mzee aliyeitwa Don Julián Santana alikaa miaka mingi peke yake kwa chinampa yake akitundika wanasesere mitini, wengine hawana macho wengine hawana mikono, kumtuliza roho wa msichana ambaye mzee alisema alizama hapo. Yeye mwenyewe alifariki 2001. Sasa sikiliza: kisiwa chenyewe ni mbali, kwenda na kurudi ni kama masaa manne. Ukiambiwa mmefika na hujamaliza hata mahindi yako, hicho ni cha kunakiliwa, viko kadhaa, mtu ametundika midoli kwa waya apate peso. Mimi sikwenda. Nililelewa kuamini kitu cha aina hiyo ukikiona unageuka, na hakuna bei ya kunibadilisha.

Za haraka haraka

Viza (mko kumi na moja mmeuliza): mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Meksiko, ila ukiwa na viza halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au ya Schengen unaingia nayo, hadi siku 180. Huna? Ubalozi wao uko hapa hapa Nairobi. Hakikisheni nao kabla hamjalipa tiketi, sheria za viza zinabadilika bila kupiga hodi.

Choo: kwa boti hakuna. Viko kandokando ya mifereji, unalipa peso chache, kijana wa pondo anavijua vyote, mwambie mapema usingoje jasho.

Mwalimu wa historia wa Kikuyu Road: ndio, ni hapo hapo Xochimilco Pancho Villa na Emiliano Zapata, wale viongozi wa mapinduzi ya Meksiko, walipokutana, Desemba 4, 1914. Nilidhani mimi peke yangu ndio najua, umeniaibisha.

Mpiga picha wa Ngara: kabla ya sikukuu ya wafu wanaigiza hadithi ya La Llorona usiku majini, mwanamke anayelilia watoto wake, watazamaji wote wako kwa boti gizani. Tiketi zinauzwa mapema. Sijaiona, nakuonea wivu ukienda.

"Anti, mimi huchora matatu. Kwa picha yako nimeona kila boti imechorwa jina la mwanamke mbele. Kwa nini wanawake tu? Na yako ilikuwa inaitwaje?" Mchoraji, Industrial Area

Swali la fundi. Hilo tao la mbele zamani lilikuwa linapambwa kwa maua halisi, jina linaandikwa kwa maua, la mke au binti au mchumba ambaye mtu anataka akubali. Maua yananyauka kila mara, siku hizi ni ubao na rangi, nyekundu na manjano na buluu zilizopigwa bila huruma, na nikusifu tu kwamba mkono wao na wako ni wa mama mmoja. Ukitaka jina lako liwekwe kwa ajili ya sherehe wanalipachika siku hiyo.

Yangu ilikuwa Lupita. Nilipoliona nilipiga kelele hadi yangeyange wakaruka, nikamshika yule kijana wa pondo nikamwambia kwa Kihispania changu cha kuokota Lupita Nyong'o, yule mwigizaji, ni wetu, Mkenya, amezaliwa hapa hapa Mexico City mwaka 1983 babake akifundisha huku. Akanisikiliza kwa adabu zote. Kumbe Lupita ni kifupi cha Guadalupe, na kwa nchi yenye Bikira Maria wa Guadalupe kila nyumba ina yake mmoja. Akaninyooshea kidole, Lupita ingine ile pale inageuka, na nyuma yake Lupita ingine imebeba kreti za soda.